Seli Zilizogoma Kufa

Seli hazikufa. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na lilikuwa tatizo la kweli.

Bi Maganda alizimwagia sumu Jumatatu asubuhi, akasubiri saa tatu nzima kama kanuni inavyotaka, kisha akazitia rangi ya bluu na kuinamia hadubini. Seli iliyokufa haina nguvu ya kushika mlango, kwa hiyo rangi huingia na seli hugeuka bluu. Iliyo hai huikataa rangi na kubaki inang'aa. Alihesabu seli mia moja, akibonyeza kihesabio kwa kidole gumba kila alipoona iliyo hai. Tisini na sita zilikuwa zinang'aa.

"Mjomba," alimwita Mlezi, mtunza seli wa maabara ile, bila kuinua kichwa, "hebu njoo uwaone hawa watu wako."

Mlezi alikuja akijipangusa mikono kwa spiriti, akapandisha miwani kichwani, akaweka jicho. Seli zilikuwa zimenona, za mviringo, kila moja imetuna kama shavu la mtoto aliyeshiba. Alitabasamu kabla hajajizuia.

"Wazima wa afya," alisema.

"Ndiyo maana nataka kulia."

Mlezi hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Aliishia darasa la sita, akaingia maabara ile akiwa mfagizi, na siku moja mtunza seli wa zamani alipougua, yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Akaonyeshwa namna ya kushika bomba dogo la kudondoshea chakula. Miaka kumi na tisa sasa. Maprofesa walikuja wakaondoka, yeye alibaki na kabati lake la joto la nyuzi thelathini na saba, na ndani yake seli za utumbo wa mwanadamu ambaye jina lake hakuna aliyelijua. Alizilisha kila baada ya siku mbili maji mekundu yanayoitwa chakula. Yakigeuka manjano, zina njaa. Alijua zina njaa hata kabla ya rangi kubadilika, na watu walishaacha kumuuliza anajuaje. Kwa miaka hiyo yote daftari lake la kutunzia kumbukumbu halikuwa na kosa hata moja, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia.

Bi Maganda alipata jina lake kwa sababu ya vitunguu. Alikuja kufanya utafiti wa shahada yake, na wiki ya kwanza tu aliingia na gunia la maganda ya vitunguu vyekundu, aliyopewa bure na wauza mboga waliokuwa wakiyatupa. Aliyachemsha, akayachuja, akayakausha mpaka yakawa unga mwekundu wa kujaza kijiko. Jengo zima lilinuka jikoni. Alichotaka kukionyesha kilikuwa hiki: ndani ya utumbo kuna kutu. Si kutu ya chuma, ila ni ndugu yake. Oksijeni hiyo hiyo inayotuweka hai huzaa vipande vyenye hasira vinavyouma kuta za seli, vinatoboa, vinachana, na seli za utumbo ndizo hukaa mstari wa mbele, kwa kuwa kila uchafu tunaoumeza hupita kwao. Ndani ya ganda la kitunguu kuna kitu kinachoweza kuvishika vipande hivyo kabla havijauma. Huenda kinaweza. Hiyo "huenda" ndiyo ilikuwa shahada yake.

Mpango ulikuwa mwepesi. Trei ya kwanza ya seli inapewa chakula tu. Ya pili inapewa sumu, ile dawa ya povu wanayosafishia vidonda na ambayo wasusi hupaushia nywele. Ya tatu inalazwa kwenye maji ya maganda mpaka kesho yake, halafu ndipo inamwagiwa sumu. Ya pili ikifa na ya tatu ikipona, maganda yamefanya kazi. Lakini Jumatatu ile ya kwanza ilikuwa hai, ya pili hai, ya tatu hai.

"Ni kama nimemleta mlinzi mpya," Bi Maganda alisema, "halafu hakuna mwizi anayetokea. Nitasemaje kwamba mlinzi ni hodari?"

"Pengine sumu imechoka," Mlezi alisema. "Hata sisi tunachoka."

Jumanne akafungua chupa mpya. Kabla ya kuitumia aliidondoshea kwenye kipande cha kiazi kibichi, na povu likapanda mpaka likamwagikia mezani. Sumu haikuwa imechoka hata kidogo. Akachukua trei nyingine tatu, moja ikiwa imeshalala kwenye maganda tangu jana. Akamwaga, akasubiri, akahesabu. Tisini na tano.

Saa tisa Profesa akateremka. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo watu walikuwa wakiisogelea waisikie, wakijuta baadaye. Alihesabu mwenyewe, akaweka kihesabio chini taratibu.

"Ruhusa yako ya kukaa humu inaisha lini?" alimuuliza binti.

"Mwisho wa mwezi, Profesa."

"Yaani Jumatatu ijayo. Basi nitakuja Ijumaa, saa nne asubuhi, nihesabu kwa mkono wangu. Kama hakuna kilichokufa, hakuna kilichookolewa, na mimi sitatia sahihi. Utaomba nafasi upya mwakani pamoja na wengine." Akamgeukia Mlezi. "Umebadilisha chochote?"

"Sijabadilisha kitu, Profesa."

"Daftari linasema hivyo hivyo," Profesa alisema, akalifunga. Kwake daftari la Mlezi halikuwa na mjadala.

Mlezi alikuwa anasema kweli. Yaani aliamini anasema kweli, na hakuna uongo mgumu kukamatika kama huo.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Mke wake alikuwa uani amechuchumaa mbele ya geti la mteja, suruali ya kazi imejaa madoa ya rangi zote, brashi mkononi. Kupaka mageti ndiyo kazi iliyosomesha watoto wao watatu, na hakuchoka kumkumbusha.

"Leo umerudi na uso wa kufiwa," alisema bila kugeuka. "Wajukuu zako wamekufa?"

"Wamegoma kufa."

Akageuka. "Rudia tena."

Akamweleza yote, sumu, kiazi, Ijumaa, mwakani. Mke wake alisikiliza huku brashi ikiendelea kupanda na kushuka. Alipomaliza, aliichovya kwenye kopo na kusema, "Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa kampuni ya rangi, unamkumbuka? Yule mwenye viatu vyenye ncha."

"Simkumbuki."

"Alikuja na rangi yake mpya. Eti inazuia kutu kuliko zote. Nikampa kipande cha chuma akipake. Akakipaka, tukakiacha mvuani miezi miwili. Kikatoka kizima kabisa, bila hata doa. Akafurahi, akapiga picha. Ndipo nikamwambia, kaka, hicho chuma nilikuwa nimeshakipaka ile nyekundu ya chini kabla hujaja. Sasa hebu niambie, kutu imezuiwa na yako au na yangu?"

Mlezi akacheka. "Ulimfanyia makusudi."

"Wala. Nilisahau kumwambia. Mtu anayepaka kila siku hahesabu rangi ya chini kama rangi." Akamwangalia. "Wewe hao watu wako unawapa nini?"

"Chakula chao."

"Na nini kingine?"

"Basi. Chakula, na..."

"Na?"

"Matone tu."

"Matone gani, bwana wewe?"

Mlezi akamweleza. Wiki tatu zilizopita fundi alikuja kutengeneza kabati la joto, na seli changa zikakaa nje nusu saa zikipigwa baridi. Zilisinyaa kidogo. Zilimtia huruma. Akachukua chupa ndogo iliyokaa mlangoni mwa jokofu, ile ambayo siku zote huwapa seli zilizotolewa kwenye jokofu la kugandishia ili zipate nguvu, akadondosha matone sita kwa kila chupa ya chakula. Desturi ni siku tatu. Lakini siku ya tatu zilipendeza mno. Na zilikuwa seli za mwisho za binti yule, za kumalizia kazi yake, akaona zisipungukiwe na kitu. Akaendelea. Wala hakuandika, kwa sababu hata siku moja hakuwahi kuyaandika. Nani anaandika sukari aliyotia kwenye uji wa mtoto?

"Siku ngapi?" mke wake aliuliza.

"Ishirini."

"Na chakula hicho hicho ndicho anachochanganyia sumu yake?"

"Hicho hicho."

Mke wake akaweka brashi chini, akakaa kabisa kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi yakamchora mistari kwenye vumbi la usoni. "Mume wangu umewapaka rangi ya chini. Umewapaka seli za watu rangi ya chini."

Mlezi akaegemea kitu cha karibu. Kitu hicho kilikuwa geti. Alipobanduka, shati lake jeupe la kazini lilikuwa na nondo sita za kijani mgongoni, na geti lilikuwa na sura ya mtu mnene.

"Sasa hilo," mke wake alisema akiacha kucheka, "utalipaka wewe."

Akalipaka. Na alipokuwa akipaka, alipata wazo, tena zuri sana. Kesho aingie mapema, azisafishe seli, atengeneze chakula kipya bila matone, akae kimya. Nani angejua? Daftari lingebaki jeupe kama lilivyo. Alikwenda nalo wazo lile mpaka nondo ya nne. Hapo akaona tatizo lake. Seli zilizonenepeshwa siku ishirini si sawa na seli za kawaida hata ukiziosha kwa maji ya dhahabu, na chochote kitakachotokea Ijumaa kitaandikwa kwenye karatasi yenye jina la binti wa watu. Ataitetea maisha yake yote bila kujua kuna nini chini yake.

"Umekosea pale," mke wake alisema.

"Najua."

"Nasema kwenye geti."

Jumatano alimkuta Bi Maganda amekaa kwenye stuli, anaitazama trei kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Mlezi akaweka chupa ndogo mbele yake.

"Nimekuwa nikiwapa hii. Matone sita. Tangu kabati lilipoharibika."

Binti akaisoma lebo. Akaisoma tena, midomo ikitembea. "Mjomba," alisema polepole, "hii inakula sumu."

"Inakulaje?"

"Inaikamata humo humo kwenye chakula na kuivunja. Sumu haifiki hata mlangoni kwa seli. Nimekuwa nawamwagia maji." Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika, na Mlezi akajisikia vibaya kuliko siku aliyoangusha hadubini, mpaka mikono iliposhuka akaona binti anacheka. "Nimefungua chupa mbili za sumu. Nimeamka nimeota kiazi. Na wewe umesimama hapo pembeni unawapa uji."

"Walikuwa wamesinyaa," Mlezi alisema.

"Mjomba, nakupenda lakini ningekunyonga." Akajifuta macho, na kicheko kikamwisha ghafla. "Zimebaki trei ngapi?"

"Sita."

"Zote zimekula?"

"Zote."

"Seli hizi zinahitaji siku ishirini na moja zifunge zulia, zishikane na kufunika trei yote. Leo ni Jumatano."

Kabati la joto likanguruma, likatulia. Mlezi alikuwa anatazama viatu vyake, na kutoka kwenye viatu jicho lake likateleza mpaka upande wa chini wa kabati, kwenye rafu ya mwisho kabisa, ile ya nyuma. Akapiga magoti.

"Unatafuta nini?"

"Watoto wa kambo."

Alitoa trei tatu zenye vumbi kwenye vifuniko. Juu ya kila moja alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: *Mbaya*. Zilikuwa za uzao ule ule, zimepandwa siku ile ile, ila zilikuwa za mwisho kwenye chupa na zilitoka kama nywele zilizonyolewa na mlevi, hapa nyingi, pale chache. Alikuwa amezisukuma nyuma. Alizilisha kwa sababu hakuwa na roho ya kuzitupa, lakini chakula kitupu tu. Hakutaka kupoteza matone yake kwa seli zisizo na sura.

Bi Maganda akaweka ya kwanza chini ya hadubini. Akasogeza kulia, kushoto. "Zimefunga," alisema. "Zulia limefunga lote. Mjomba, hizi hazina ubaya wowote."

"Pembeni pale zimekaa ovyo."

"Hizi ni seli za kawaida. Wewe umezoea mabwanyenye." Akahesabu kwa kidole. "Moja, mbili, tatu. Hakuna ya kukosea."

Alhamisi jioni trei moja ikawekewa maji ya maganda. Ijumaa saa moja asubuhi sumu, iliyochanganywa na chakula kisicho na matone, ikamwagwa kwenye mbili. Mlezi alisimama mbele ya kabati mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliwaombea watu wake mauti. Aliona aibu, akaomba kwa sauti ya chini. Alikuwa amevaa lile shati, maana jingine lilikuwa halijakauka, na nondo sita za kijani zilionekana vizuri kila alipogeuka.

Profesa alifika saa nne kasoro dakika mbili. Alilitazama shati, akaamua kutouliza. Kabla hajakaa, Mlezi akamwendea.

"Profesa, Jumanne uliniuliza nimebadilisha nini. Nilibadilisha." Akamweleza mpaka mwisho, pamoja na uji. "Binti hakujua. Na daftari halikujua."

Profesa alilifungua daftari, akalitazama. "Miaka kumi na tisa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Andika leo. Siku zote ishirini, mstari mmoja, wino mwekundu, na sahihi yako. Sasa nipisheni."

Akahesabu trei ya kwanza, iliyopewa chakula tu. Kihesabio kikalia kwa mwendo wa saa ya ukutani. "Tisini na tatu hai."

Akaweka ya pili, iliyopewa sumu. Mlezi aliangalia kidole gumba cha Profesa. Kihesabio kililia mara moja, kikakaa. Kikalia tena, kikakaa. Alijua maana yake kabla hajaambiwa, na kitu kikapanda kifuani mwake kikitafuta pa kutokea.

"Ishirini na tisa hai," Profesa alisema. "Zilizobaki ni bluu tupu. Zimekufa kifo kizuri sana."

Mlezi akapiga makofi.

Profesa akainua kichwa. "Unashangilia msiba?"

"Samahani, mama. Imenitoka."

Bi Maganda alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Trei ya tatu, ya maganda, ikaingia chini ya hadubini, na kihesabio kikaanza, kikaharakisha, kikawa kinalia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Profesa alipomaliza mia moja, alianza upya sehemu nyingine ya trei, akahesabu mia nyingine. Halafu akavua miwani.

"Themanini na moja. Na mara ya pili, themanini na tatu."

"Kwa hiyo," Bi Maganda alianza.

"Kwa hiyo kwenye trei maganda yako yamezuia. Tumboni mwa mtu, hatujui, na usinisikilize nikisema tunajua. Utarudia mara mbili zaidi kwa seli mpya. Ruhusa nitakuongezea mimi. Lakini natia sahihi." Akamgeukia Mlezi. "Na hesabu za zile trei za matone usizifiche. Nazo zimeonyesha kinga, ila si kinga tuliyoitafuta. Zitapewa ukurasa wao kwenye kazi ya binti, na jina lako litaandikwa hapo."

"Jina langu pamoja na kosa?"

"Hayo mawili hayatenganishwi, Mlezi. Hata mimi yangu yako hivyo."

Alipotoka, Bi Maganda alimkumbatia Mlezi kwa nguvu mpaka miwani ikapinda, na yeye akasimama mikono juu kama anayekaguliwa na polisi, kwa kuwa alikuwa ameshavaa glavu safi. Halafu akazivua, akaenda kwenye meza yake, akachukua kalamu nyekundu. Mwandiko wake ulitoka mkubwa kuliko kawaida. Akatoa pia kifutio, akafuta neno kwenye vifuniko vitatu vya rafu ya chini, akafikiri, akaandika upya: *Kawaida*.

Ilivyogharimu ni hivi. Trei kumi na mbili za seli zilizonenepeshwa, zote zimemwagwa. Tatu za kambo, nazo zimekwisha kwa kazi. Siku ishirini na moja za kulea. Chupa mbili za sumu na kiazi kimoja. Gunia la maganda, ambayo yangetupwa hata hivyo. Mstari mmoja mwekundu kwenye daftari lililokaa miaka kumi na tisa bila mstari mwekundu. Geti moja, lililopakwa mara mbili. Na shati moja jeupe, ambalo bado analivaa.